Neno Shangazi Kwenye Faili la Riziki

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga iliandikwa "Kwaheri Bi Wanja". Mimi naitwa Wanza. Wengine mmefanya kazi nami miaka minane, wengine miwili, na hakuna hata mmoja aliyeona. Nilikula kipande changu bila kusema neno kwa sababu kilikuwa na krimu nyingi. Lakini nilipofika nyumbani nikakaa nikafikiri: ikiwa watu wanaonipenda wanaweza kukosea herufi moja na wote tukapiga makofi, basi kuna jambo la kazi yetu ambalo sikuwafundisha vizuri. Ndipo nikatafuta daftari.

Mambo ya vyeo siyaandiki. Nilibadilishiwa jina la cheo mara nne, kila jina refu kuliko lililotangulia, na meza ikabaki ile ile yenye mguu mmoja uliowekewa kigae chini ili isiyumbe. Mshahara nao mnaujua, kwa sababu na ninyi mnaupata.

Nilikuja kwenye nyumba ya watoto ya Msambweni nikiwa na stashahada ya ustawi wa jamii, viatu vya kisigino na kiburi kidogo. Viatu vilikufa wiki ya kwanza kwenye mchanga. Kiburi kilichukua muda zaidi. Wazazi wangu ni Wakamba waliopata shamba kule Shimba Hills kabla sijazaliwa, kwa hiyo mimi nilijihesabu mtu wa pwani kamili, na sikuona cha kujifunza kwa watu wa pwani.

Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanasha, mlezi mkuu wa nyumba. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka barazani, anachagua mchele kwenye ungo. Nikasema, "Habari ya asubuhi." Akaniangalia kutoka kwenye viatu kwenda juu.

"Nzuri," akasema. "Sasa toka nje, urudi tena."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikatoka hadi langoni na mkoba wangu wa vyeti, nikarudi, nikabisha hodi, nikangoja karibu, nikavua viatu, nikasema, "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umefika."

Mwanamke yule hakusoma chuo chochote cha ustawi wa jamii. Kurani aliisoma vizuri, herufi za shuleni alizisoma polepole akisogeza midomo, na mafaili ya watoto wote aliyaweka kichwani. Alijua nani anaogopa radi, nani hali maharage, nani akinyamaza ni homa na nani akinyamaza ameiba sukari. Mimi niliandika yote hayo kwenye kadi nikijiona mtaalamu, na kadi zikipotea nilikwenda kumuuliza yeye.

Alinifundisha kutembelea nyumba. Ukifika, kaa mahali walipokukaribisha, hata kama ni juu ya mtungi uliofudikizwa. Maji ukipewa, kunywa. Usiulize, "Wazazi wa mtoto walikufa lini?" Uliza, "Nani anampakulia?" Hapo utajua nyumba ilivyo kabla hujafungua fomu. Na alinifundisha kubeba sindano na uzi. Mimi nilikuwa na mizani, kamba ya kupimia kimo, mwavuli na kalamu tatu, lakini kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni sindano. Kila mtoto duniani ana kifungo kilichokatika. Ukimshonea kifungo akiwa ndani ya shati, hawezi kuondoka na hawezi kukutazama machoni, na atakwambia mambo ambayo hangekwambia kwa mwaka mzima. Leo mna simu za kujazia taarifa. Simu haishoni kifungo.

Wageni wetu kutoka ng'ambo niliwapenda, nasema kweli, hata waliponichosha. Kulikuwa na kikundi kilichokuja kila mwaka kupaka rangi bweni la wasichana. Bweni halikuhitaji rangi. Lakini walikuwa wametoka mbali na walipenda sana kupaka, basi tukawaachia, na sasa ukuta ule una rangi nene kiasi kwamba msumari hauingii bila kubembelezwa. Mwaka mmoja tuliletewa sanduku la glavu za sufu, Msambweni, mwezi wa Februari. Watoto walizivaa asubuhi moja wakacheza kuwa paka. Kisha Bi Mwanasha akazikusanya akazifanya za kushikia sufuria za moto, na zikadumu miaka sita. Aliwaombea dua wale waliozifuma, kwa dhati kabisa.

Kazi yangu kubwa ilikuwa barua. Kila mtoto mwenye mfadhili aliandika mara tatu kwa mwaka, kwa Kiswahili, nami nikaitafsiri barua kwa Kiingereza. Jibu likija nililirudisha kwa Kiswahili nikamsomea. Watoto wetu walifundishwa shuleni kuanza barua kwa "wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu", na mimi nililitafsiri hilo kwa uaminifu mpaka mfadhili mmoja akauliza kama mtoto ana ugonjwa wa macho, akasema yuko tayari kutuma miwani. Tangu hapo nikajua barua hubeba zaidi ya kilichoandikwa, na nikawa mwangalifu. Nilikwisha kugundua pia kuwa yatima wa huku na yatima wa fomu zao si mmoja. Huku kwetu mtoto aliyefiwa na baba ni yatima, hata kama mama yake yuko pale anachambua mchicha. Fomu zao zilitaka asiwe na baba wala mama. Hilo nililikamata mapema, nikajiona bingwa wa maneno.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, bingwa, alipokuja Riziki.

Mama aliyemzaa Riziki alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba yake, Hamisi, akafuata baada ya miaka miwili. Aliyemlea ni Mishi, mdogo wa mama yake, mwanamke mwembamba wa maneno machache, anayeshona makuti ya kuezekea na kuyauza. Riziki hakulala kwetu. Alikuwa mmoja wa wale tuliowaita watoto wa nje, analala kwa Mishi na sisi tunamsomesha. Shule ilikuwa ile nzuri iliyo karibu na kituo chetu, ambayo bila mfadhili angeiona kwa nje ya ua tu. Mfadhili wake alikuwa mwanamke mmoja mzee wa ng'ambo, Bi Greta, aliyeandika kwa mkono, kwa wino, herufi zimelala upande mmoja.

Riziki alipokuwa darasa la tatu aliandika barua ambayo hadi leo naikumbuka. "Mama amenishonea sketi. Mama akikasirika hasemi, anashona makuti haraka haraka. Juzi mama alicheka mpaka akalia, kwa sababu kuku aliingia na viatu vyangu." Kuku aliingiaje na viatu sikuelewa, lakini niliipenda. Nikaitafsiri neno kwa neno, mama kwa mama, nikaipeleka.

Baada ya wiki tatu ofisi ya ng'ambo ikaandika. Mtoto huyu yuko kwenye orodha ya wasio na baba wala mama. Kwenye barua yake ametaja mama mara tatu. Tafadhali eleza, ama tutamwondoa.

Nilishtuka. Juu ya meza yangu kulikuwa na barua thelathini nyingine. Ningeweza kuandika ukurasa mmoja nikaeleza. Badala yake nikaandika mstari mmoja: samahani, ni kosa la tafsiri, anayemlea ni shangazi. Kwetu Shimba Hills dada wa mama na dada wa baba wote tuliwaita anti, na mwalimu wetu wa shule alisema anti kwa Kiswahili ni shangazi. Basi. Nikafungua faili, kwenye nafasi ya uhusiano nikafuta kilichokuwepo nikaandika SHANGAZI, kwa herufi kubwa, ili nisije nikasahau. Bi Mwanasha alikuwa milango miwili kutoka mezani kwangu, anakunja mashuka. Sikumuuliza.

Kisha nikafanya lililo baya zaidi. Nilimwita Riziki alipotoka shule.

"Riziki, kwenye barua usiandike mama tena. Andika shangazi."

"Lakini ni mama."

"Najua. Lakini wale wa ng'ambo wakisoma mama watadhani una mzazi, na hutasoma tena shule hii. Andika shangazi. Jizoeze, usije ukasahau."

"Sawa, Bi Wanza," akasema, akaniaga, akaenda zake na begi lake.

Alikuwa mtoto mtiifu. Ukimwambia jizoeze, anajizoeza.

Muhula ukaisha, ukaanza mwingine. Nilipomtembelea Mishi kukagua daftari za Riziki, alinipa maji, akajibu maswali yangu, na muda wote akawa anashona makuti haraka haraka. Mimi niliyekuwa nimeisoma ile barua, niliyeitafsiri kwa mkono wangu, nikaandika kwenye taarifa: "Mlezi ana bidii ya kazi."

Wakati huo utaratibu ulibadilika. Kila mtoto wa nje alitakiwa awe na fomu ya ulezi iliyotiwa sahihi na anayemlea. Tulikuwa tumepata kompyuta ya kwanza, na sote tuliiheshimu kupita kiasi. Tukaiingizia majina, ikatuchapishia barua za kuwaita walezi. Haikuchukua jina la mlezi, ilichukua uhusiano. Barua ya Riziki ilisema: "Kwa Shangazi wa Riziki Hamisi. Unaombwa kufika ofisini kutia sahihi ya kumlea mtoto aliyetajwa hapo juu." Nilizitia sahihi zote kwa mkupuo, nikazipeleka kwa wazee wa mitaa wazigawe.

Mzee wa mtaa wa kina Riziki alifanya kazi yake sawasawa. Aliusoma ule waraka, akajua Riziki ana shangazi mmoja tu duniani, dada yake marehemu Hamisi, aliyeolewa Shimoni. Akampigia simu akamsomea barua yote.

Siku ya kutia sahihi, kabla sijamaliza chai, nikasikia hodi. Aliingia mwanamke wa makamo aliyevaa buibui, ananukia moshi na chokaa, mkononi kikapu. Tukaamkiana.

"Mimi ndiye shangazi wa Riziki," akasema. "Naitwa Halima. Marehemu Hamisi ni kaka yangu, tumbo moja. Mimi nakaanga samaki huko Shimoni. Nimeitwa, nimekuja."

"Umeitwa na nani, Bi Halima?"

"Na nyinyi." Akatoa karatasi aliyoazima kwa mzee wa mtaa, akainyoosha juu ya meza kwa viganja viwili. "Nimekuja kumtwaa mtoto. Chumba nishakipaka chokaa, na kitanda fundi ananimalizia, inshallah kesho kutwa." Kisha akaingiza mkono kikapuni akatoa gauni jipya la rangi ya waridi, lina mikunjo kifuani. Lilikuwa gauni la mtoto wa miaka minne. Riziki alikuwa na tisa.

Aliniona nikilitazama. "Nimekadiria," akasema. "Siku ya maziko alikuwa hivi." Akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya goti. Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo akicheka. "Miaka yote hii nasema, watu wa upande wa mke wametuchukulia mtoto, hatumsikii. Leo Mungu kaleta karatasi."

Niliisoma ile karatasi mara ya kwanza kama mtu, si kama mtia sahihi. Nilikuwa bado nimeishika Mishi alipoingia. Mzee wa mtaa alikuwa amemwambia njiani, kwa nia njema, kwamba ofisi imemwita shangazi achukue mtoto. Alikuja kwa miguu, na vidole vyake bado vilikuwa na nyuzi za ukindu wa kushonea makuti.

Hakubisha hodi. Kwa Mishi hilo lilikuwa kama mtu mwingine kuvunja mlango.

"Bi Wanza," akasema, "kama ulitaka kuninyang'anya mtoto, ungeniambia. Mimi ni mtu mdogo, ningefanya nini? Lakini kwa nini umfundishe kunikana kwanza?"

"Kukukana vipi, Mishi?"

"Tangu muhula uliopita haniiti mama. Nikimpa uji, 'ahsante shangazi'. Akienda kulala, 'lala salama shangazi'. Nikamuuliza, mwanangu nimekukosea nini? Akasema hakuna. Nikasema labda amekua, labda watoto wenzake wamemwambia mimi siye niliyemzaa. Nikanyamaza. Kumbe ni nyinyi mlikuwa mnamtayarisha."

Bi Mwanasha alikuwa amefika mlangoni na shuka moja begani, amesikia. Alimkalisha Mishi, akamkalisha Bi Halima, akaniambia mimi nibaki nimesimama. Kisha akaagiza Riziki aitwe kutoka shuleni.

Kwa wale miongoni mwenu ambao, kama mimi, mnasema anti kwa kila mwanamke, hebu nieleze. Shangazi ni dada wa baba, peke yake. Dada wa mama ni mama. Akiwa mkubwa ni mama mkubwa, akiwa mdogo ni mama mdogo, na ndani ya nyumba anayokulea ni mama, hakuna cha kuongeza. Mtoto aliyefiwa na mama na akabaki na mama mdogo, kwa watu wa hapa, hajaachwa bila mama. Kumwita mama mdogo shangazi ni kumhamisha upande, kumwambia kwamba yeye na tumbo lililokuzaa hawana uhusiano. Nilikuwa nimeishi kati ya watu hawa miaka na miaka, na nilikuwa nimemfundisha mtoto wa miaka tisa kumwambia hivyo Mishi kila asubuhi akipewa uji.

Riziki akaja na sare yake, soksi moja imeshuka. Akaamkia wote. Bi Mwanasha akamvuta karibu.

"Riziki, mama, huyu ni nani wako?" Akamwonyesha Mishi.

Mtoto hakumtazama Mishi. Alinitazama mimi.

"Shangazi," akasema.

"Na huyu?"

Bi Halima aliinua gauni kidogo, kama anayetaka kutambuliwa. Riziki akasita. "Simjui," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Halima akalirudisha gauni mapajani, akaanza kulikunja. Mishi alikuwa ameinamisha kichwa, anatoa ukindu vidoleni, uzi mmoja mmoja.

"Wanza," akasema Bi Mwanasha, bila Bi, kama siku ile aliponitoa nje. "Huyu mtoto kabla ya kujibu anakutazama wewe. Kwa nini?"

Nikasema. Nilisema yote, nikiwa nimesimama: barua, swali la ng'ambo, mstari mmoja nilioandika, herufi kubwa kwenye faili, na neno jizoeze. Nilimwambia Mishi kwamba hakuna aliyetaka kumchukulia mtoto, ni mimi niliyeona uvivu kueleza. Nilimwambia Bi Halima kwamba karatasi haikumwita yeye. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kusema, kwa sababu alikuwa bado ananukia chokaa ya kile chumba. Nililia, na siandiki hapa kwamba nilijizuia.

Kisha nikapiga magoti mbele ya Riziki. "Nilikosea mimi. Mwite kama ulivyokuwa ukimwita."

Alinisogelea sikioni, lakini wote tulisikia. "Nikimwita mama, sitafukuzwa shule?"

Mtoto alikuwa amelibeba hilo muhula mzima. Kila alipokula, kila alipolala, alikuwa anachagua shule. Na mimi sikuwa na mamlaka ya kumjibu. Orodha haikuwa yangu, mfadhili hakuwa wangu.

"Hutafukuzwa," nikasema.

"Na barua itasemaje?"

"Barua itasema mama."

Alifikiri. Kisha akaenda akasimama karibu na Mishi, hakumgusa. Mishi akamtazama, akainama akampandisha ile soksi iliyoshuka.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, mama."

Bi Mwanasha akajifanya anakunja shuka. Mimi nilikwenda dirishani.

Bi Halima ndiye aliyeniuma zaidi, na ndiye aliyetuokoa sote. Alimaliza kulikunja gauni, akasema, "Mimi niliitwa na karatasi. Sikuja kuiba mtoto wa mtu." Akamgeukia Mishi. "Lakini tangu kaka yangu afe, hakuna aliyenibishia hodi kuniambia mwanawe mzima au mgonjwa."

"Nilidhani hamtaki," akasema Mishi. "Hamkuja."

"Hatukuja kwa sababu hatukuitwa."

Na ofisi yangu, yenye faili, mizani na kalamu tatu, haikuwahi kuuliza kama Riziki ana watu upande wa baba. Kurasa kumi na mbili za taarifa, na dada wa baba yake yuko Shimoni anakaanga samaki, karibu hivyo. Kosa langu la neno ndilo lililomleta. Sisemi hivi kujitetea. Walikubaliana hapo hapo, bila fomu, kwamba chumba kile kitakuwa cha likizo. Mishi akamwambia Riziki, "Nenda kamwamkie shangazi yako. Huyu ndiye wa kweli." Riziki akaenda, akalipokea gauni, akajipimia kifuani likaishia juu ya kitovu. Bi Halima alicheka hadi kilemba kikamlegea. Tukala samaki wake wote waliokuwa kikapuni.

Mishi akatia sahihi kwa dole gumba. Kwenye uhusiano, Bi Mwanasha akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza kuandika.

Mkitaka kujua nimejifunza nini, ni hili: kompyuta zenu sasa zina nafasi ya herufi nyingi kwenye uhusiano. Zijazeni. Andikeni jina la mtu, na andikeni mtoto anamwitaje, kwa neno lake mwenyewe, hata kama ng'ambo hawana neno hilo. Mtu wa kulieleza ni wewe, na ndiyo sababu umeajiriwa.

Jioni ile ile nikaandika barua ya ng'ambo. Niliichana mara tatu. Ilikuwa na kurasa mbili za mila na nasaba, nikazitupa, nikabakiza machache. "Mtoto huyu hana mama aliyemzaa. Ana mama. Mwanzo niliandika kweli, kisha nikasema uongo kwa haraka yangu. Yeye hana kosa." Nikaipeleka, na kwa miezi miwili nikawa mtu wa kuuliza posta. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kitu ambacho si changu, na kila asubuhi nilimwona akipita langoni na begi lake, akinipungia mkono, ana uhakika kabisa.

Ofisi ikajibu kwanza, kwa lugha ya ofisi: ametolewa kwenye orodha ile, mfadhili amearifiwa, uamuzi ni wake. Wiki iliyofuata ikaja bahasha yenye wino na herufi zilizolala upande. Riziki aendelee na shule, Bi Greta aliniandikia, kwani kuna nini kilichobadilika? Ndani yake kulikuwa na barua nyingine ndogo, iliyofungwa, na haikuwa ya Riziki.

Nikaipeleka kwa Mishi siku ile ile. Alikuwa uani na makuti yake, Riziki pembeni anafanya hesabu. Nikaketi mkekani, nikafungua, nikaanza kutafsiri nikisoma.

"Mpendwa mama wa Riziki."

Mishi akaacha kushona. "Rudia."

"Mpendwa mama wa Riziki."

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira tena, lakini hakuwa mjinga pia. "Imeandikwa hivyo, au umetia wewe?"

Nilistahili. Niligeuza karatasi nikampa Riziki. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la tatu, na ule mwandiko uliolala ulimsumbua, lakini neno lenyewe walikuwa wameshalisoma tangu darasa la kwanza. Aliweka kidole chini yake, akalifuata herufi moja moja hadi mwisho. Kisha akainua kichwa.

"Ni mama, mama."

Mishi akachukua kuti lake, akaanza kulishona tena, polepole.

"Haya, Bi Wanza," akasema. "Endelea."